Baruti ya Mwaluko na Nguo ya Nyemo

Zuhura mjukuu wangu, na ninyi wenzake mliobaki karakanani, nyundo nimewaachia, kalibu za kumiminia risasi nimewaachia, na kile kigoda kibovu nacho ni chenu. Kilichoniondoa kazini ni macho. Mikono bado inaweza kumwangusha mbuzi. Lakini mtu asiyeona kama risasi imetoka laini au imetoka na kovu, huyo akae barazani achambue mlenda, asije akamponza mwindaji. Basi nimekaa. Mlenda haunimalizii siku, kwa hiyo naandika. Herufi nimezijua uzeeni, na aliyenifundisha ni Zuhura huyuhuyu, aliyeingia darasani akiwa mdogo kuliko wenzake na akawapita wote. Kama nazidisha sifa, mniache. Mimi ndiye bibi yake.

Nani alinilipa nini na nani alinipandisha kiti gani, hayo sitayaandika. Yamekwisha kuliwa. Nitaandika kazi.

Nilizaliwa upande wa Haneti, kwa wafugaji. Kwetu silaha ilikuwa mkuki, na bunduki tuliisikia tu misafara ilipopita. Hapa Dodoma nililetwa na ndoa. Mume wangu, Fundi Salum, baba yake alikuja na misafara kutoka Manyema akiwa fundi wa magobori, mguu ukamshinda njiani, akajenga tembe lake na kuweka mvukuto. Wenzake walikwenda pwani wakarudi, wakaenda tena, yeye akabaki anawatengenezea bunduki. Salum akarithi mvukuto, na mimi nikamkuta nao.

Siku yangu ya kwanza karakanani sikuitwa kufanya kazi. Niliitwa kuleta maji. Salum akanitazama jinsi ninavyotua mtungi, bila kumwaga tone, akasema, "Njoo hapa, mke wangu. Fungua kiganja." Akaniwekea risasi moja, duara, nzito, baridi. Akanipa pembe ya baruti. "Mwaga juu yake mpaka usiione."

Nikamwaga kama ninavyomwaga unga wa ugali wa wageni.

"Nimekwambia uifunike," akasema, "wewe umeizika na matanga umeyaweka."

Hicho ndicho kipimo cha kwanza, nanyi mnakijua: risasi kiganjani, baruti juu yake, ikipotea tu, acha. Lakini Salum alisema kiganja kinaonyesha mlango, nyumba hakionyeshi. Kila bunduki ina nyumba yake, na huwezi kuijua mpaka uitafute. Magobori mengi ndani ni laini kama filimbi, na hayo hayana makuu, unayatia chochote nayo yanatapika chochote. Shida ni yale machache yenye michirizi ndani ya mtutu, iliyojizungusha kama mkia wa kinyonga. Hayo ukiyapatia, yanapiga unapotazama. Ukiyakosea ni afadhali ukarushe mawe.

Kuyapatia alinifundisha hivi. Unachukua ncha ya pembe ya swala, unaikata iwe kikombe kidogo. Ndani yake, chini, unasindika nta ya nyuki mpaka kinachobaki kiwe sawa na kile kipimo cha kiganja. Unapiga mara kadhaa kwenye ngozi iliyowambwa, unatazama matundu yamekaaje. Kisha unakwangua nta kidogo, ukucha mmoja, kikombe kinameza baruti zaidi. Unapiga tena. Matundu yatakaribiana, yatakaribiana, kisha ghafla yatatawanyika kama kuku walioona mwewe. Hapo umeipita nyumba. Unarudisha nta yako ile ya mwisho, unaibana, na kikombe hicho ni cha bunduki hiyo mpaka kufa. Msikiazime kwa nyingine.

Na kila baada ya mlio, pangusa mtutu. Nimewaona mkivivia hapo. Upepo wetu wa Dodoma ni mkavu, masizi hayalainiki, yanakauka ndani kama uji ulioachwa sufuriani. Risasi ya tatu itagoma njiani, na wewe utaisukuma na mdeki, ule ufito wa kushindilia, kwa hasira, na baruti iliyosagwa kwa hasira haiwaki sawa. Kitambaa na mate, basi. Salum alishikilia kwamba mate mazuri ni ya asubuhi, kabla mtu hajala. Sijawahi kuona tofauti. Lakini nimefanya hivyo miaka yote, na sasa hata harufu ya masizi yenye mate inanikumbusha mgongo wake akiwa ameinama mlangoni, jua likimpiga shingoni.

Tulifurahi miaka ile. Asubuhi unasikia mvukuto kwanza, kisha jogoo. Risasi ikiyeyuka chunguni inang'aa kama jicho la samaki, na mimi namimina, Salum anakata vikia vilivyobaki kwenye risasi. Hatukuongea sana. Akitaka koleo ananyoosha mkono tu, nami naweka koleo.

Kisha Wajerumani wakaja wakajenga boma. Bunduki zikapelekwa kupigwa chapa kitakoni, na baruti ikawa ya kibali: unapata kifuko kidogo, unaambiwa kitoshe. Kwetu sisi kazi ikawa ngumu kuliko zamani, maana huwezi kuitafuta nyumba ya bunduki bila kuchoma baruti, na kila unayoichoma kwenye ngozi ya ng'ombe ni nyama iliyotoroka. Wawindaji wengi wakaacha kupima kabisa. Wakasema, tutatia nyingi mara moja, ipige kwa nguvu, basi. Wanaume wanapenda kelele. Wanadhani mnyama anakufa kwa mshtuko.

Mmoja wao alikuwa Mwaluko.

Huyu alikuwa mtu wa kwetu, upande wa Haneti, kijana mwenye mabega mapana na maneno machache. Bunduki yake ilikuwa ya michirizi, nzuri, aliirithi kwa mjomba wake. Mwaka ule uwele ulikauka ukiwa kimo cha goti. Watu walikula mizizi, walikula mbegu, na mwenye bunduki alitazamwa na kijiji kizima kila alipotoka. Mwaluko alitoka mara nyingi, akarudi mikono mitupu mara nyingi.

Siku moja nikawaona wanakuja karakanani. Mwaluko mbele na bunduki begani. Nyuma yake mama yake, mwembamba, ameshikilia ncha ya nguo yake iliyofungwa fundo. Mwisho kabisa mkewe, Nyemo, mtoto mgongoni, macho chini. Nikamwamkia mama mtu kwa lugha yetu, "Mbukwa, mama." Akaitika kwa pua. Nikajua leo kuna jambo.

Akafungua fundo. Ndani mlikuwa na nyuzi nyeusi zilizoungua, kama kiota cha ndege kilichopitiwa na moto.

"Tazama mwenyewe," akasema. "Wewe ni mtu wetu, sina haja ya kukueleza."

Kweli hakuwa na haja, lakini ninyi wa mjini nitawaeleza. Wawindaji wa upande ule, risasi yao huivika kitambaa kabla ya kuishindilia, kama tunavyofanya sisi, maana bila kitambaa risasi haishiki michirizi. Ila wao hawachukui kitambaa chochote. Mke huchana ukanda wa kaniki yake mwenyewe, ile aliyoivaa, akampa mume. Mke akiwa ametulia, risasi hunyooka. Akiwa amekwenda kwa mwanamume mwingine, risasi nayo hupotea njia kama yeye. Mwaluko alikuwa amekosa, amekosa tena, na safari ya mwisho akakiokota kitambaa majanini kimeungua, nyuzi tupu.

"Nguo ya mke mwema haiungui," akasema mama yake. "Kesho tunampeleka kwa baba yake, watupe ng'ombe wetu. Mtoto anabaki. Mtoto ni wa kwetu."

 Nyemo aliingiza mkono nyuma akaushika mguu wa mtoto, akaukaza.

"Kama mmekwisha kata shauri," nikauliza, "kwangu mmefuata nini?"

Mwaluko akakohoa. "Nilitaka mniangalizie bunduki kwanza."

"Kwanza kabla ya nini?"

Akatazama ukuta. Nikamwelewa. Mwanamume huyu alikuwa anatafuta mahali pa kutokea, na hakuuona mlango.

Fundi Salum siku hiyo alikuwa ndani ana homa, amejifunika ngozi mbili, meno yanagonga. Lakini masikio yake hayakuugua. Sauti ikatoka ukutani: "Muulize anatia baruti kiasi gani!"

Mwaluko akanyoosha kiganja akaonyesha. Rundo moja la baruti, kisha akaongeza jingine juu yake. "Hii ni ya swala," akasema. "Ya tandala naongeza kidogo."

"Anawinda tandala," ikauliza ile sauti, "au anabomoa kilima?"

Nikachukua ngozi, mfuko wa pumba wa kuegemeza bunduki, na kikombe kipya cha pembe chenye nta, nikawaambia twendeni korongoni. Salum akaita, "Mke wangu! Baruti usiichezee, anayo kidogo!" Nikamwambia alale.

Korongoni, ngozi ikishawambwa mbele yetu, nilifanya jambo ambalo hakuna fundi aliyenifundisha. Nilimgeukia mama mtu nikasema, "Mama, nipe ukanda wa nguo yako."

"Yangu?"

"Wewe ni mjane unayejiheshimu, Haneti nzima inajua. Nataka kuanza na nguo isiyo na shaka."

Angekataaje? Kukataa kungekuwa kukiri. Akainua kichwa, akachana ukanda kwa meno, akanipa kama anayetoa sadaka. Nikaupaka mafuta ya mkia wa kondoo, nikatia baruti kwa kipimo cha mwanawe, rundo juu ya rundo, nikavika risasi, nikashindilia. Nikampa Mwaluko. "Piga."

Mlio ule uliwaamsha kanga wa ng'ambo. Moshi ulipopita, ngozi ilikuwa inatutazama salama salimini, haina hata kwaruzo. Nikatembea mbele nikatafuta kwenye mchanga. Ukanda nikaukuta bado unafuka. Nyuzi tupu. Nikaja nao nikauweka kiganjani mwa mama mtu, kisha nikaanza kupangusa mtutu, maana kazi haingoji.

Nyemo akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, akaziba mdomo.

"Upepo," akasema mama mtu.

"Upepo wa wapi, mama?"

Akakaa chini mchangani. Nilidhani atatukana, nami nilikuwa na jibu tayari, mnanijua. Lakini alisema kwa sauti ndogo, "Wajukuu zangu wanalala na maji ya moto tu tumboni. Lazima pawe na sababu. Jambo haliwi bure." Jibu langu nikalimeza. Njaa hutafuta mtu wa kumshika, na mkwe ndiye yuko karibu.

Basi nikamwambia sababu ipo, na anaishika mkononi. Baruti ikizidi, moto unakula kitambaa kabla risasi haijatoka. Kitambaa kikiliwa, risasi haishiki michirizi, inatoka inayumba kama mlevi. Nguo ya malaika ingeungua.

Tukaanza upya, safari hii kwa kaniki ya Nyemo. Niliipima kati ya vidole, ilikuwa imefuliwa sana lakini ina nyama bado. Kipimo cha kiganja kwanza. Risasi zikaifikia ngozi, ila chini, na mbalimbali kama watu waliogombana. Nikakwangua nta. Nikapangusa. Mwaluko akapiga, mimi nikaokota vitambaa. Msomeni kitambaa kabla hamjasoma ngozi: cha kwanza kilikuwa kizima, kina alama nyeusi ya duara katikati. Nikakwangua tena. Sasa matundu yalisogea. Nikakwangua tena, na yakaja yakakaa pamoja kama mayai chini ya kuku. Kitambaa kilichoanguka kilikuwa kizima, na michirizi ya mtutu imejichora pembeni mwake kama jua la mtoto anayechora mchangani. Mwaluko akatazama ngozi, akatazama bunduki, akaipapasa kama ndiyo anaikuta leo.

"Ongeza kidogo," akasema. Kelele bado zilimkaa moyoni.

"Thubutu," nikamwambia. "Hapa ndipo nyumbani kwake."

Baruti iliyobaki ilikuwa ya kupiga mara mbili tu. Mama mtu alikuwa amesimama, amejipangusa mchanga, na ukali umemrudia. "Ngozi haikimbii," akasema. "Aende porini. Akipata, mke anabaki na sisemi tena. Akikosa na hiyo baruti yenu ya kupimwa, sitaki kusikia habari ya nta wala ya mkia wa kondoo. Mwanamke aende kwao."

"Aende," nikasema upesi.

Niliporudi nikamweleza Salum, naye akajiinua kwa kiwiko. "Baruti umeipima vizuri. Na mkono wa Mwaluko umeupima?"

Hilo sikulipima. Mtu ameshazoea kukosa, anatoka peke yake, njaa tumboni, ndoa yake imefungwa kwenye risasi moja. Mkono wa namna hiyo ungetulia vipi?

Mwaluko alitoka mapema na kikombe chake shingoni. Wanawake wakabaki kwangu, mama mtu hakutaka kuondoka na Nyemo hakuwa na pa kwenda. Nikampa Nyemo kazi ya kumimina risasi, ili mikono yake isikae bure. Alimimina bila kutetemeka, risasi zinatoka laini moja baada ya moja, huku machozi yanamdondoka na anayakwepesha yasiingie chunguni, maana nilikuwa nimemwambia tone la maji likiingia kwenye risasi ya moto linaruka usoni. Mama mtu alimpakata mtoto kivulini, akimwimbia. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mwaluko alirudi siku iliyofuata jua likiwa bado juu. Tulimwona kwa mbali akivuka uwanja. Hakuwa na kitu mabegani ila bunduki.

Mama yake akainuka na mtoto mikononi. "Mmeona? Mmeona wenyewe?" Akamgeukia Nyemo. "Funga mzigo wako."

Nyemo aliweka kijiko chini taratibu. Nakumbuka alivyofuta mikono yake, kidole kimoja kimoja.

Sasa fikirini. Mwaluko angenyamaza tu, lawama ingebaki kwa Nyemo na yangekwisha. Hakuna aliyekuwa naye porini. Kila mwanamume niliyemjua mpaka siku ile, akikosa, alikuwa na mtu wa kumtaja: mke, mchawi, fundi.

Akasema, "Mama, mrudishie mtoto."

"Umepata?"

"Nimekosa." Akaitua bunduki ukutani. "Tandala dume. Alisimama ubavu, karibu, hata mtoto angempata. Nikawaza mambo yenu yote, mkono ukaruka. Risasi ilikwenda palepale nilipoiruhusu iende. Nimeikuta kwenye mti, nimeichimbua." Akafungua kiganja: risasi iliyobonyea, na kitambaa cha kaniki, kizima, na lile jua lake pembeni. "Bunduki imepiga sawa. Nguo ni nzima. Aliyekosa ni mimi. Ng'ombe wangu siwadai."

Fundi Salum alikuwa ametoka na ngozi zake mbili mabegani, amesimama mlangoni. Akaichukua ile bunduki akaipangusa mtutu, na kwa Salum hiyo ilikuwa heshima kubwa. Mama mtu alikitazama kile kitambaa, akakigeuza, akakigeuza tena. Kisha akamfuata Nyemo akamtia mtoto mikononi, akarudi kivulini kukaa.

Nyemo alimfunga mtoto mgongoni, akakaza mbeleko. Akamtazama mumewe kuanzia miguu yenye vumbi mpaka usoni, kwa mara ya kwanza tangu waingie kwangu.

"Huyo tandala," akauliza, "alielekea wapi?"

"Kwenye miiba, ng'ambo ya korongo. Hakukimbia sana."

"Na baruti?"

"Ya mlio mmoja imebaki."

Nyemo akashika ncha ya kaniki yake, akachana ukanda mpana, akauweka mkononi mwa mumewe.

"Sasa umesimama hapa unafanya nini?"